Paka wa Sham

Bi Mize amefariki mwezi uliopita huko Gando, nyumbani kwa mpwa wake, naye alikuwa mzee kiasi kwamba wote waliojua umri wake sawasawa walikwisha kumtangulia. Nilikwenda kwenye hitima yake kwa gari ya asubuhi kutoka Chake Chake, mkononi nina mchele kilo tano na kifuani nina jambo ambalo sikuwahi kumwomba radhi. Njia nzima nilijipa moyo kwamba waliokuwapo mwaka ule wamekufa au wamehama, na kwamba nitakaa uani na wanawake wenzangu, nitasoma juzuu yangu, nitakula wali, nitarudi. Lakini kuingia tu uani nikamwona Mauwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachagua mchele kwenye ungo. Zamani alikuwa jirani yetu, mke kijana wa nyumba ya pili kutoka ya Bi Mize. Sasa ana meno ya kuhesabika na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinitazama kitambo. "Raya weye! Kumbe hujafa?" Nikamwambia, "N'taanzaje kufa na weye ungalipo?" Tukacheka, tukashikana mikono, tukalia kidogo kama inavyotakiwa, nikakaa kumsaidia kutoa mawe. Hatukufika hata nusu ya ungo, akanambia bila ya kuinua uso, "Wamkumbuka Chiriku?" Nikasema namkumbuka. Aliyonieleza baada ya hapo nitayaandika mwisho, kwa sababu na mimi niliyapata mwisho, baada ya miaka arubaini ya kudhani kwamba nayajua yote.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu. Nilitoka Wingwi nikaja kukaa kwa Bi Mize kwa sababu skuli ilikuwa Chake na yeye alikuwa mjane mwenye chumba kitupu. Mengine ya ukoo hayana kazi hapa. Nyumba yake ilikuwa ya mawe na udongo, vyumba viwili na ukumbi, na kila pembe ilikuwa na harufu yake: ukumbini udi na karatasi kuukuu, chumbani kwake mafuta ya nazi na karafuu alizozitia baina ya nguo, chumbani kwangu muhogo mkavu uliowekwa chini ya kitanda. Barazani alikuwa na chuo cha Kurani cha watoto wa kike, ishirini na kitu, kila siku baada ya sala ya alasiri. Katika nyumba ile nilikula shelisheli la kuchoma, shelisheli la nazi, na shelisheli la jana lililokaangwa leo, mpaka hii leo nikiliona sokoni nageuza uso. Samaki akipatikana, Bi Mize alikata vipande vitatu vilivyo sawa: chake, changu na cha paka. Na kichwa, ambacho kwetu Wingwi alipewa mtu anayependwa, kilikuwa cha paka. Naomba hili la kichwa cha samaki lisisahauliwe, maana watu hudhani ubaya wa mtu huanza kwa jambo kubwa.

Paka mwenyewe hakufanana na paka yeyote tuliyemjua. Mwili ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, lakini uso, masikio, miguu na mkia vilikuwa vyeusi, kama aliyeingia jikoni akalamba masufuria kabla ya kukoshwa. Macho yalikuwa ya buluu, tena yenye makengeza kidogo, na ncha ya mkia ilikuwa na kifundo. Alikuwa wa Bi Hana, muuguzi wa Kizungu wa macho aliyepanga nyumba ya mbele yetu miaka miwili. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, na paka, ambaye muda wote alimfungia ndani na hakuweza kusafiri naye, akamwachia Bi Mize aliyekuwa akimpelekea vibibi vya mchele kila Ijumaa. Mimi nilifika wiki moja baada ya safari yake, kwa hivyo yaliyosemwa siku ya kuagana sikuyasikia. Nilichokisikia ni sauti. Paka wetu hulia akitaka kitu, akikipata hunyamaza. Huyu alikuwa anasema. Alisema akiamka, alisema akila, alisema akitoka msalani kama anayekutolea habari. Sauti yenyewe nene, ya kukwaruza, mara nyingine ya mtoto mchanga kabisa, na ukimjibu alikujibu, ukinyamaza alikukumbusha kwamba zamu ni yako. Bi Mize alimwita Chiriku, kwa kupenda maneno kama yule ndege, na mazungumzo yao niliyasikia kila asubuhi nikiwa napiga pasi sare yangu ya skuli.

"Umetoka wapi saa hizi?"

"Mraau."

"Kwa Mauwa? Kafanya nini Mauwa?"

"Mra. Mraau."

"Ala! Kapika papa? Na weye hakukupa?"

"Mraaaaau!"

"Mwachie Mungu, mwanangu."

Watu wa mtaa walipoanza kuuliza hili ni dubwana gani, Bi Mize aliwapa jibu moja tu: ni paka wa Sham. Neno hilo lilitosha. Sham, yaani Syria na jirani zake, kwetu si nchi ya kwenye ramani. Ni nchi ya mitume, inayotajwa katika hotuba na maulidi, na mtu wa Chake ambaye hajawahi kuvuka kwenda Unguja huitaja kwa sauti ya chini. Bi Mize alikuwa mwalimu wa watoto wa nusu ya mtaa, hakuna wa kumkadhibisha. Aliwahadithia wanafunzi wake kwamba binti wa mfalme wa huko alipokuwa akienda koga alimvisha paka pete zake mkiani, na paka akakunja ncha ya mkia zisidondoke, ndiyo sababu ya kile kifundo. Na makengeza yale, akasema, ni ya kulinda kikombe cha dhahabu: paka alikitazama bila kupepesa mpaka macho yakagongana. Watoto walifungua midomo. Jirani yetu Bi Riziki, ambaye hakuwa na huruma na paka, akawa analeta utumbo wa samaki "kwa baraka", na mumewe Mzee Faki, aliyekuwa akimpiga teke kila mwenye mkia, akawa anampisha Chiriku njiani. Leo naona wazi kitu ambacho msichana wa miaka kumi na saba hakukiona. Pemba tuna maneno mengi juu ya vitu vinavyokuja kwa sura ya paka. Mnyama mwenye uso mweusi, macho ya buluu na kilio cha mtoto mchanga, mtaa wetu ungemtoa kwa mawe wiki ya kwanza.

Bi Hana alikuwa ameacha pia sanduku la makaratasi, na humo nikakuta kitabu cha Kiingereza kuhusu paka, chenye picha. Nilikuwa wa kwanza wa darasa kwa Kiingereza na sikukubali mtu asijue. Nikakisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, na huko nikamkuta Chiriku mwenyewe, uso uleule, makengeza yaleyale. Hadithi ya pete ilikuwamo, ya kikombe ilikuwamo. Lakini nchi haikuwa Sham. Ilikuwa Siamu. Siku ya pili skuli nikafungua atlasi nikaiona ilipo, mashariki ya mbali, siku hizi inaitwa Thailandi. Nilirudi nyumbani mbio, sikuvua hata viatu.

"Bi, Chiriku si wa Sham. Wa Siamu. Siamu huko mbali, kwa wenye kuabudu masanamu. Kitabu kimesema paka hawa walifugwa kwenye mahekalu yao."

Bi Mize alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Hakuinua kichwa. "Siamu, Sham," akasema. "Ulimi tu huo."

"Si ulimi, Bi. Nchi mbili mbalimbali."

Hapo aliacha kukuna. Akajipangusa mikono kwa kanga, akanyoosha mkono nimpe kitabu, akakitazama jalada, akenda chumbani kwake akakitia chini ya godoro. Aliporudi alisema, "Weye Raya soma ya skuli. Ya paka niachie mie." Nikaona: mzee wa watu, hajui jiografia, na aibu inamzuia kukubali. Nilimhurumia. Huruma ile, nikiikumbuka, ndiyo inayonikera kuliko yote.

Wiki mbili baadaye jambo likanitokea barazani. Bi Mize alinitaka niwasomee watoto, nami nikasoma kwa haraka, kwa madaha, nikapita pahala pa kuvuta sauti bila kuvuta. Akanirudisha. Nikasoma tena vilevile. Akanirudisha mara ya tatu, na kabla sijafungua mdomo Chiriku, aliyelala pembeni ya marufaa ya kuwekea msahafu, akanyoosha shingo akatoa "Mraaaaaau" ndefu, iliyokamilika. "Mnaona?" akasema Bi Mize. "Hata Chiriku ajua kuvuta." Watoto ishirini na kitu wakaangua kicheko. Wiki nzima nikipita njiani nasikia nyuma ya ua, "Hata Chiriku ajua kuvuta!" Bi Mize hakukusudia kunidhalilisha, alikuwa mtu wa mzaha, na usiku ule alinitilia kipande changu cha samaki na nusu ya chake. Nilikula. Lakini moyoni nilimweka paka mahali pabaya, na Bi Mize nikamweka karibu naye.

Mwishoni mwa masika Mauwa alijifungua mtoto wa kiume, wa kwanza. Chiriku alihamia kule mchana kutwa. Alikaa kizingitini, mtoto akilia na yeye akilia, mtoto akinyamaza na yeye akinyamaza, na Mauwa alicheka mpaka akashika mbavu: "Yaya wangu kashafika, siye tukalale." Kisha kikaingia kipupwe, na baridi yake ya asubuhi. Siku moja nilikuwa natoa chai jikoni, paka akanipitia miguuni akisimulia habari zake, nikamwagikwa na birika juu ya ubavu wake. Nimeandika "nikamwagikwa", na mkono wangu umesita. Bi Mize alimkata manyoya pale penye jeraha kwa mkasi, akampaka mshubiri, akamkalisha mapajani siku tatu huku wakizungumza. Jeraha lilipona. Lakini manyoya yaliyoota pale hayakuwa ya chai ya maziwa tena. Yaliota meusi, kiasi cha kiganja cha mkono. Bi Riziki aliyaona, akarudi nyuma hatua moja. "Bi Mize, weusi huu wapanda," akasema. Bi Mize akajibu, "Na mvi zako nazo zapanda, tuseme nini?" Bi Riziki alicheka, ila utumbo wa samaki hakuleta tena.

Mtoto wa Mauwa aliugua homa siku tatu. Siku ya pili akapata degedege, wakamkimbiza hospitali, wakaambiwa ni malaria imepanda kichwani. Siku ya tatu akafa. Siku zote tatu Chiriku alikaa mlangoni kwao akilia, kwa sababu ndivyo alivyozoea: mtoto alilia, na yeye alijibu. Hata mtoto alipotolewa, aliendelea. Sauti ile, nikitoka skuli, nilikuwa naisikia tangu ninapokunja kona ya mtaa, na ilikuwa sauti ya mtoto yuleyule.

Siku ya matanga kuanuliwa, wanawake walikuwa uani kwa Mauwa wakiosha vyombo. Mimi nilikuwa na masinia. Mauwa alikuwa amelala chumbani, mlango uko wazi, Bi Mize yuko naye anamsomea. Bi Riziki alianza kwa sauti ya chini. "Mie sisemi kitu. Lakini mnyama yule kalia pale siku tatu. Mwana kenda zake, naye bado aita. Sham mie sijafika, sijui paka wa huko wako vipi."

"Si wa Sham," nikasema.

Mikono yote ikasimama majini. Ningeweza kukoma hapo. Lakini wote walikuwa wananitazama mimi, watu wazima, mama wa wanafunzi walionicheka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheka. Nikasema kitabu kipo. Bi Riziki akasema, "Basi kalete, msomi wetu, utusomee." Nikaenda mbio nyumbani, nikatia mkono chini ya godoro la Bi Mize, nikarudi nacho. Nikawasomea, nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Nikawasomea Siamu. Nikawasomea mahekalu na masanamu. Kisha nikafika pale kitabu kilipoeleza imani ya watu wa kale wa nchi ile, kwamba anapofariki mtu mkubwa wao, roho yake hupata makazi kwa paka wa aina hii. Neno la Kiingereza lililotumika lina maana ya kupokea, kama unavyompokea mgeni ukamweka ndani. Mimi kwa haraka, bila kamusi, nilitafsiri hivi: "Paka hawa huchukua roho za watu."

Kwa msomaji wa Kiswahili sihitaji kueleza nilichokisema. Sinia lilianguka. Bi Riziki alisema, "Lahaula," basi, hakusema zaidi. Ukurasa wa pili yake, ambao nilikuwa nimeshausoma wiki nyingi nyuma, ulieleza kwamba manyoya ya paka hawa huwa meusi pale mwili unapopata baridi, na kwamba ukiyanyoa wakati wa baridi huota meusi, kisha baadaye hurudi rangi yake. Sikuufungua. Hakuna aliyeniuliza, nami nilikuwa nimeshapata nilichokitaka, yaani kimya kile na macho yale.

Walikuja siku ya pili, baada ya alasiri, chuo kimeanza. Mzee Faki alikuwa mbele na nyuma yake wanaume wawili, mmoja ameshika gunia. Walipiga hodi vizuri, wakasalimu vizuri. "Bi Mize," akasema Mzee Faki, "tumekuja kwa hishma. Weye ni mwalimu wetu. Lakini mtaa hautalala na kitu hichi."

"Mwana wa Mauwa kafa kwa homa, Faki. Hospitali wamekwambieni."

"Wamesema. Na kitabu kimesema. Raya kasoma mbele ya watu."

Bi Mize akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu. Hakunikasirikia, na ningeliona hasira usoni pake ningelijua la kufanya. "Raya," akaniuliza, "umesoma nini?" Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema nimekosea, sijui Kiingereza vizuri, ukurasa wa pili una maneno mengine. Watoto ishirini na kitu walikuwa wananitazama. Nikasema, "Kitabu ndivyo kilivyoandika, Bi."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Mmoja wa wale wanaume wawili alikuwa tayari ameokota fimbo, na mwengine anazunguka upande wa uani. Bi Mize akasema, "Mwacheni. Msimfukuze na fimbo, atatoka mwenyewe." Akaita, "Chiriku! Chiriku mwanangu!" Naye akaja kutoka kwa Mauwa, mbio, akimjibu njia nzima, mkia juu na kifundo chake. Bi Mize akamwinua. Akamuuliza, kwa sauti ileile ya asubuhi, "Umetoka wapi saa hizi?" na paka akamweleza, kwa urefu. Alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akavua kanga yake ya juu, akamfunika, akamtia ndani ya gunia kwa mikono yake mwenyewe. Mzee Faki hakuweza kumtazama. Alisema watamwachia msituni huko kaskazini, ana gari ya shamba inakwenda, wallahi hawatamuumiza. Kama walitimiza, sijui mpaka leo. Ninalolijua ni kwamba paka hakupambana. Alikuwa anasema. Gari ilipanda mlima, ikakunja kona, na sauti kutoka ndani ya gunia ilikuwa ya mtu anayeuliza kitu, ananyamaza, anasubiri, anauliza tena. Bi Mize aliketi kwenye mkeka, akavuta marufaa. "Tulikuwa wapi?" akawauliza watoto. Hakuna aliyejua.

Nilikaa kwake miezi mitano zaidi. Hakunipiga, hakunisema, hakuniandikia nyumbani. Samaki akipatikana alikata vipande viwili, na kichwa akanitilia mimi. Kila mara. Kichwa kile nilikitafuna nikilia, naye alijifanya anatafuta chumvi. Asubuhi nyumba ilikuwa kimya hata nikasikia pasi inavyopita juu ya kitambaa. Watoto walipouliza Chiriku yuko wapi, aliwaambia amerudi kwao Sham, nami nikiwa chumbani nilisaga meno: hata sasa, mzee huyu, hataki kukubali! Nilikuwa na akili ya namna hiyo.

Nimekuja kuwa mwalimu wa Kiingereza, miaka thelathini na miwili, mpaka nikastaafu. Katika mwaka wa tatu au wa nne wa kazi nilikuwa nafundisha maneno ya kupokea na kuchukua, nimeandika mfano ubaoni, na chaki ikanikwama mkononi. Niliiona sentensi ile yote, mahali ilipokuwa kwenye ukurasa, upande wa kushoto, chini ya picha. Niliwaambia wanafunzi wanyamaze wakati hakuna aliyekuwa akisema. Tangu hapo nilijua kwamba Bi Mize alikosea neno moja, na mimi nilikosea moja, na la kwangu ndilo lililoua, kama liliua. Nilimtembelea kila Idi, nikampelekea kanga na sukari. Tulizungumza juu ya mvua, wajukuu, bei ya karafuu. Kila mwaka nilikwenda na maneno ya kuomba radhi na kila mwaka nilirudi nayo. Nilijisingizia kwamba mtu asiyejua tofauti ya Sham na Siamu, nikianza kumweleza habari za tafsiri, nitamchosha tu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo nilipokaa na Mauwa juu ya mkeka ule. Nilimweleza yote, hata la birika, hata la tafsiri. Alisikiliza huku akitoa mawe. Nilipomaliza kwa kusema kwamba Bi Mize, maskini, alikufa akiamini paka yule katoka Sham, Mauwa aliusukuma ungo pembeni.

"Nani kakwambia aliamini?" akasema. "Mie nlikuwapo siku Bi Hana alomleta. Kaja na ramani yake, kaitandika pale jikoni, kamwonesha kwa kidole: Siamu hii hapa. Bi Mize kaitazama weee. Bi Hana alipotoka akanambia, 'Mauwa, mnyama huyu na sura hii hawatamwacha. Tuseme Sham.' Nkamwambia, 'Bi, si uongo huo?' Akanambia, 'Hiyo hirizi yake. Mungu ataniuliza mie, hatamuuliza paka.'"

Mauwa aliivua miwani, akaipangusa kwa pembe ya kanga. "Siku uliyosoma nlikusikia," akasema. "Mlango ulikuwa wazi, na Bi Mize alikuwa kanishika mkono. Nlitaka kuinuka, sikuinuka. Mwana alokufa alikuwa wangu, Raya, na paka yule nlikuwa namjua ametoka wapi, na nlinyamaza. Mie nna kisingizio cha msiba; weye hukufiwa na mtu."

Alisema bila ya ukali. Ingelikuwa rahisi kwangu kama angelikuwa na ukali. Nilitazama vumbi la mchele mikononi mwangu. Miaka arubaini nimembeba Bi Mize kama mzee asiyejua, nikamsamehe ujinga wake kila Idi, na alipokuwa akiwaambia watoto Chiriku kenda kwao Sham alikuwa bado anamfunga ile hirizi, paka akiwa hayupo, mimi nikiwa nasaga meno nyuma ya ukuta. Nililia, na wanawake walidhani nalia msiba, wakanisogezea maji.

Alikuja kuyaleta maji hayo msichana wa miaka kama kumi, mjukuu wa yule mpwa. Alisimama akinitazama mpaka nikamaliza kunywa. Alisema bibi, miezi ya mwisho, alikuwa akimuuliza kila asubuhi, "Umetoka wapi saa hizi?" na ukimjibu kwa maneno alikasirika, ilikuwa lazima useme "Mraau", ndipo naye aendelee. "Mwalimu," akaniuliza, "wasema weye ulikaa kwake zamani. Ati ni kweli alikuwa na paka wa kutoka Sham?"

Wanawake wa karibu wakanyamaza kusikiliza, maana mimi ni mwalimu, na watu huniamini. Mauwa alikuwa ameushika ungo, mkono umesimama juu ya mchele.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikaa naye mwaka mzima. Wa Sham khasa."

Mauwa akaurudisha ungo baina yetu, tukaendelea kutoa mawe.